Nyumba Isiyoomba Chumvi

Modesta alinipigia simu saa moja asubuhi nikiwa bado na mswaki mdomoni, na kabla hajasema lolote nilijua kuna msiba, kwa sababu alianza na shikamoo ya polepole. Akiwa na habari njema Modesta hasalimii, anaanzia katikati. Akaniambia Mama Pili amefariki usingizini, nyumbani kwake Lipangalala, na maziko ni kesho saa tisa alasiri. Nikalia pale pale kwenye karo. Aliniacha nilie, halafu akaniuliza kama nitakuja, nikamwambia nafunga mlango nakuja. Akauliza kama nimeshaaga majirani. Nikasema tena kwamba nafunga mlango. "Nimekuuliza majirani, Dada Sabina," akasema, na mimi nikajifanya mtandao unakatika. Nina miaka mitatu katika nyumba hii ya Morogoro. Jirani wa kulia namjua kwa rangi ya gari lake, na wa kushoto namsikia akikohoa. Ndani ya basi la Ifakara nilikaa dirishani na lile swali, na ndilo lililonirudisha kwenye mwaka ule ambao nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijiona najua maisha kuliko watu wote wa bonde la Kilombero.

Siku hizi kazi niliyoifanya mwaka ule ina majina mazuri na watu wanaisomea mpaka chuo kikuu. Mimi nilikuwa na cheti, sketi mbili za kazini na maelekezo ya ukurasa mmoja: chukua vijana watano waliotimiza miaka kumi na minane katika kituo cha kulelea watoto, kaa nao nyumba moja kwa mwaka mmoja, na mwaka ukiisha kila mmoja awe na kazi na chumba chake. Kituoni hawakuweza kurudi, vitanda vyao vilishapata watoto wengine. Mradi ulipanga nyumba Lipangalala kuanzia Januari hadi mwisho wa Desemba, na mwenye nyumba alishaahidiwa kurudishiwa funguo zake. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu na sebule, sakafu ya saruji yenye nyufa, bati bila dari, na jiko la uani lenye kuta za udongo ambalo moshi wake ulituingia hadi kwenye mashuka. Mvua ikinyesha tuliacha kuzungumza, maana hakuna aliyemsikia mwenzake. Nilikuwa na furaha sana katika nyumba ile, ingawa wakati ule sikujua kwamba ile ndiyo furaha.

Asubuhi ya kwanza nilitoka chumbani nikawakuta wote watano wamekaa kwenye benchi sebuleni, wameoga, wamevaa, viatu miguuni, mikono magotini. Walikuwa pale tangu saa kumi na moja alfajiri. Nikawauliza wanangoja nini. Gasper, ambaye ndiye aliyekuwa mwepesi wa maneno kati yao, akanijibu kwa adabu kabisa kwamba wanangoja kengele. Nilicheka, wao hawakucheka. Walikuwa wameishi kwa kengele tangu wangali wadogo: ya kuamka, ya uji, ya sala, ya kulala. Walitembea kwa mstari hata wakienda chooni. Modesta, binti mrefu mkimya mwenye vidole vya fundi tangu hajawa fundi, alikuwa hajawahi kununua kitunguu. Siku niliyompeleka sokoni alimpa muuzaji hela, akasimama na kikapu mkononi akisubiri apangiwe, mpaka mama yule akamwambia, mwanangu, chagua. Jioni alivimenya vile vitunguu taratibu, akivitazama kimoja kimoja, na wali wetu ukaiva usiku umeshaingia. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu ulikuwa wali wa kwanza aliowahi kupika mmoja wao kwa uamuzi wake mwenyewe.

Nilibandika ukutani karatasi ya manila yenye masharti. Kuamka bila kuamshwa. Kufika kazini kabla ya wakati. La tatu ndilo nililolipenda kuliko yote, nikaliandika kwa wino mwekundu: Hatuombi kitu kwa jirani. Nilikuwa na sababu zangu. Nilishasikia mjini watu wakisema watoto wa kituo wamezoea kupewa, ukimkaribisha mmoja atakumaliza, na maneno yale yaliniudhi mno, nikaapa kwamba hakuna atakayewaona wangu wameshika bakuli mlangoni pa mtu. Chumvi ikiisha, tulikula bila chumvi. Gasper alitafuna perege siku hiyo akasema huyu samaki hajui bado kama ametoka mtoni. Tukacheka, tukamaliza sahani, na mimi nikalala nikijipongeza. Katika mkutano wa mtaa niliwasimamisha wote watano mbele ya watu, nikasema hawa si watoto tena, ni watu wazima, naomba muwahesabu kama kaya nyingine yoyote. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Nilidhani nimesema maneno ya kupamba mkutano tu.

Mama Pili aliishi ng'ambo ya njia, hatua kumi na mbili kutoka mlango wetu. Alikaanga vitumbua barazani kila asubuhi, unga wa mchele na iliki, na harufu ile ndiyo iliyowaamsha vijana wangu badala ya kengele. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, mcheshi, asiyemwogopa mtu. Mwezi wa nne alikuja kuazima ungo wetu. Tukampa. Kesho yake akaurudisha na vitumbua vinne juu yake, na mimi, kwa jinsi nilivyokuwa nimesoma, nikahesabu bei ya vitumbua vinne nikampelekea hela yake. Alizitazama zile sarafu kiganjani, akanitazama mimi, akasema asante mwalimu. Hakurudi tena kuazima. Niliandika katika ripoti ya mwezi kwamba uhusiano na majirani ni mzuri, hakuna malalamiko.

Mama yake Mama Pili alifariki mwanzoni mwa Oktoba, Jumanne. Tulisikia vilio alfajiri. Modesta alikuja mlangoni kwangu akasema, madamu, ng'ambo wanalia. Nilijua ni nini, bibi yule alikuwa mgonjwa muda mrefu. Lakini siku hiyo ndiyo siku aliyoitwa Modesta kwa Mzee Salimu, mwenye duka la vitambaa ambaye wazee wake walitoka pwani na ambaye barazani kwake cherehani nne zililia kutwa nzima. Alitaka kumjaribu kwa sare za shule, saa mbili kamili. Gasper naye alikuwa na zamu yake ya tatu kwenye mashine ya kukoboa mpunga, wenzake wawili walikuwa gereji na mmoja hotelini. Nikawaambia kazi haingoji, vaeni, mimi nitakwenda jioni kwa niaba ya nyumba. Wakatoka kwa mstari, kama walivyofundishwa, mmoja nyuma ya mwingine, na mifuko yao ya chakula. Wakapita mbele ya turubai, mbele ya wanawake waliokaa chini, mbele ya vijana wa mtaa waliokuwa wamebeba sepetu na madumu ya maji. Hakuna aliyesimama wala kusema pole. Nilikuwa nimeegemea mlango nikiwatazama, na aibu niliyonayo mpaka leo ni hii, kwamba nilijisikia fahari.

Jioni nilijifunga khanga nikaenda, nikakaa na wanawake, nikatoa rambirambi, nikarudi. Kwangu mimi deni la ubinadamu lilikuwa limelipwa. Kuanzia wiki ile, Modesta alipovuka njia kununua vitumbua alijibiwa vimeisha. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, vimeisha, na karai linachemka. Nikasema biashara ya Mama Pili imechangamka, sasa mtakunywa chai na mihogo. Mtu akiamua kutoona haoni.

Kwa Mzee Salimu mambo yalikwenda vizuri. Katikati ya Novemba alimwita Modesta akamwambia mkono wake ni safi, cherehani ya nne ni yake, ila alete barua ya mwenyekiti wa mtaa na mtu wa kumdhamini. Nikamwambia mimi nipo. Mzee akanijibu kwa upole, akikunja kitambaa huku akizungumza, kwamba mimi ni mtu wa mradi, na mradi ukishaondoka yeye atamshika nani. Alitaka mtu wa hapa. Mwenye chumba tulichokuwa tumemtafutia Modesta alisema hayo hayo. Barua moja ndiyo iliyosimama kati yake na kila kitu, na nyumba yetu ilikuwa imebakiza wiki sita. Sikuwa na wasiwasi. Barua ya mwenyekiti ni ya dakika tano, nilisema, ni mhuri tu.

Tulimkuta mwenyekiti nyuma ya nyumba yake akichonga mpini wa jembe. Shikamoo zetu aliziitikia vizuri, akatupa vigoda, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akapuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Mwalimu, mimi naandika barua ya mtu ninayemfahamu," akasema. "Huyu nimemwona akipita." Nikaanza kueleza. Akaniinulia mkono, akaniambia mimi mwenyewe niliomba wahesabiwe kaya, na kaya ikihesabiwa inahesabiwa yote, na siku ya msiba wa bibi kaya zote za njia ile zilitoa mtu wa kuni na mtu wa maji isipokuwa moja, yenye watu wazima watano wenye afya. Hakufoka. Alisema mtaa hauna ugomvi nasi, ila unasikia kwamba sisi hatuna haja ya mtu, na yeye hawezi kuwaambia watu wamdhamini mtu asiye na haja nao. Modesta alikuwa ameinamisha kichwa. Ningependa kusema nilielewa papo hapo. Nilikasirika. Njia nzima nilizungumza habari ya kwenda ofisi ya kata, ya kuandika barua kwa mkuu wangu, ya haki ya kijana kufanya kazi popote nchini.

Tulifika nyumbani nikiwa bado nazungumza. Modesta akaenda jikoni, akarudi ameshika kikombe cha bati, akaelekea mlangoni. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kuomba chumvi. Nikamwambia chumvi ipo, kopo limejaa, nimelijaza Jumapili.

"Najua, madamu," akasema, akatoka.

Njia yetu ilikuwa nyembamba, na nilisimama nyuma ya pazia nikasikia kila neno. Alibisha hodi, akasalimia, akabaki amesimama barazani na kikombe chake. Mama Pili alikuwa akisuuza karai na hakuacha kulisuuza. Mwishowe akauliza, "Kwenu hakuna chumvi?"

"Ipo, mama."

"Sasa umefuata nini?"

Modesta akasema, "Nimekuja kukupa pole. Sikujua inavyofanyika. Kule nilikokulia mtu akifa tunagongewa kengele, tunapanga mstari, tunasali, tunarudi darasani. Siku ile nilitaka kusimama, nikaogopa kukosea." Nilisikia karai likiwekwa chini. Mama Pili aliingia ndani, akatoka, akamjazia kikombe mpaka juu, na akamwambia Jumamosi ni misa ya arobaini ya mama, Ijumaa wanachagua mchele, aje na wenzake, na yule kijana anayejua kuongea aje na shoka. Modesta aliporudi aliweka kile kikombe juu ya meza katikati yetu. Nilikaa nikikitazama muda mrefu. Kisha nikasimama nikaibandua ile manila, na kwa kuwa nilikuwa na kiburi bado, nikawaambia inachafua ukuta.

Ijumaa ile naiona vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Mikeka imetandazwa uani, gunia la mchele mpya limefunguliwa, wanawake kama kumi na tano wameketi na nyungo mapajani. Modesta hakujua kupepeta. Kituoni mchele uliletwa umeshasafishwa, na mara ya kwanza aliporusha ungo nusu ya mchele ilimwangukia kichwani. Kicheko kilichotoka pale uani kilisikika mpaka barabarani, na nilimwona akitaka kulia, halafu akacheka naye, mchele ukidondoka kwenye nyusi. Mama mmoja akamshika mikono kwa nyuma, akamwonyesha jinsi ya kuuzungusha ungo mpaka mawe na chuya vinajitenga pembeni. Nyuma yangu nikasikia mwingine akimnong'oneza jirani yake, kumbe wanaongea, akajibiwa, tena wanacheka, mimi nilidhani ni wale walioapa kunyamaza. Gasper alipasua kuni na kusimulia habari za mashineni mpaka wazee wakahamisha viti vyao wamsikie. Mimi nilipewa ungo kama wengine. Hakuna aliyenisema, na hilo liliniuma kuliko kusemwa.

Ilikuwa karibu adhuhuri, mazungumzo yamepungua kwa joto, Modesta alipoinua kichwa. Alikuwa na tabia ya kuuliza kitu kikubwa kwa sauti ya kuuliza saa. "Mama Pili," akasema, "na mimi nikifa, mchele wangu atachagua nani?"

Mikono yote ilisimama. Nilitamani ardhi ipasuke, nikajua kwamba hili ndilo swali alilokuwa nalo tangu Januari, kabla ya vitunguu na cherehani, na kwamba katika masomo yangu yote ya kujitegemea sikuwa nimelikaribia hata mara moja. Mama Pili alitoa jiwe kwenye ungo wake akalitupa. "Unataka kufa lini?" akauliza. "Maana Jumatano nina vitumbua vya harusi." Watu wakacheka, naye akangoja kicheko kiishe. "Tutakuja, mwanangu. Sisi hawa unaotuona. Sasa maliza huo ulio mbele yako."

Barua ya mwenyekiti ililetwa Jumatatu na mwenyewe, kwa miguu, na aliyeweka dole gumba kama mdhamini alikuwa Mama Pili. Mwisho wa Desemba nilirudisha funguo za nyumba. Gasper na wenzake walikuwa wameshapata vyumba, na Modesta alihamia chumba cha uani kwa Mama Pili, godoro limefungwa kwenye baiskeli, kikombe cha bati kikining'inia kwenye usukani. Nilimwomba kile kikombe kiwe ukumbusho. Akaninyima, akasema bado ana kazi nacho. Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu hapo, katika miji minne, na kila kundi jipya nimelifundisha kwanza kwenda kubisha hodi kwa jirani. Nimelifundisha vizuri sana, kwa michoro na maigizo. Mwenyewe nikahama nyumba baada ya nyumba, nikifunga geti kila jioni, nikiamini kwamba mtu anayejua somo ameshalifanya.

Nilishuka stendi ya Ifakara alasiri, nikafika Lipangalala nikikokota begi langu la magurudumu kwenye mchanga. Turubai lilikuwa limefungwa pale pale. Aliyekuwa akiamuru kila kitu, khanga kiunoni, miwani imeshushwa puani, alikuwa Modesta. Nani aende na maji, nani awapokee wa Mahenge, sufuria ipi ya wali na ipi ya maharage, wote waliuliza kwake, hata binti yake Mama Pili mwenyewe alimfuata akamnong'oneza jambo na kurudi ametulia. Gasper alikuwa amewasili asubuhi kutoka Malinyi na matenga mawili ya samaki. Tumbo limemtangulia sasa. Akaniambia zamani angengoja kivuko pale Kivukoni mpaka samaki waoze, siku hizi anapita darajani bila hata kushuka kwenye gari. Tukakumbatiana. Nikaenda kukaa upande wa wageni, kwenye viti vya plastiki, mikono magotini, begi pembeni.

Modesta akaja akanisimamia. Alikuwa amelia mpaka macho yamekuwa madogo. Akanipa ungo wenye mchele. "Dada, hapo wanakaa wageni," akasema. Nikavua viatu nikaenda mkekani. Alikaa karibu nami kidogo, tukachagua mchele, halafu akaniambia kwamba wiki iliyopita Mama Pili alimwita kitandani akamuuliza habari zangu, nani ananitazama huko Morogoro, nikiugua nani anajua. "Nilimdanganya," akasema Modesta. "Nilimwambia una majirani wazuri."

Tulimzika kesho yake, na njia nzima ya Lipangalala ilijaa watu hadi magari yakashindwa kupita. Nilikaa siku tatu zaidi. Niliporudi Morogoro ilikuwa saa kumi jioni, jua bado kali. Nilifungua nyumba, nikaweka begi, nikaenda jikoni nikafungua kabati. Kulikuwa na pakiti nzima ya chumvi, haijakatwa. Nikairudisha, nikachukua kikombe, nikatoka nacho mkononi kupita mbele ya lile gari jeupe la jirani wa kulia. Nikabisha hodi, mimi mwanamke ninayekaribia hamsini na niliyewafundisha wengi kubisha. Alifungua dada mmoja mwenye mtoto mgongoni, akanipa shikamoo, akaniuliza kama namtafuta mwenye nyumba.

Nikamwambia hapana, namtafuta yeye. Nimeishiwa chumvi.